Msikiti Uliotazama Magharibi

Kwanza niseme wazi: mimi siupendi ule msikiti. Watu wakipita Kitengela husimamisha magari kando ya barabara ya Namanga, wanaupiga picha, wanawatumia jamaa zao. Eti oneni maajabu, msikiti kama nyumba ya Wachina, paa limepinda pembe zikaangalia juu, nguzo nyekundu, vigae vya kijani! Mimi nikipita hapo naangalia upande wa pili, kwenye duka la mbao. Mume wangu husema nimezidi, jengo halina kosa. Ni kweli, halina. Ni zuri, hata mimi najua ni zuri, na hapo ndipo linaponiuma.

Sisi ni watu wa Garissa. Baba alikuja Kitengela akifuata biashara ya ng'ombe. Alikuwa akinunua kule kwetu na Moyale, anawaleta huku machinjioni, na akiona bei ya Kitengela ni mbaya anawapeleka soko la Kajiado. Mimi nililelewa hapa. Msikiti niliokulia ulikuwa wa mabati, umebanwa kwenye kiwanja chembamba kinachotoka lami kwenda ndani. Wanaume waliswali ndani. Wanawake tuliswali nje, nyuma, chini ya turubai lililofungwa kwenye mabati kwa kamba za ng'ombe. Mvua ikinyesha, na mnaujua udongo mweusi wa Kitengela, tope lilikuwa linavua mtu viatu. Kiangazi tulisujudu kwenye vumbi tukainuka na paji la uso jeupe.

Mama alikuwa na magoti mabovu. Kila Ramadhani alikuwa akibeba kipande cha sponji cha kuwekea magoti, na kila Ramadhani kilirudi nyumbani kimelowa au kimejaa mchanga. Hakuwa mtu wa kuomba makubwa. Hakutaka dhahabu, hakutaka nyumba ya ghorofa kama wale wenzake wa Eastleigh. Alikuwa na ombi moja, na alilisema mbele ya mtu yeyote aliyekubali kusikiliza: "Mimi nataka niswali tarawehe ndani kabla sijafa. Ndani kabisa, kwa sakafu, nimsikie imamu na masikio yangu, si kwa spika." Baba alikuwa anacheka. Anamwambia, ngoja, Mungu ni mkubwa.

Sasa, huyo mgeni. Alikuja Ijumaa moja, peke yake, shati lake limenyooshwa, kofia nyeusi kichwani. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa umeme kwenye kiwanda kimoja cha vigae huku Kajiado. Wanaume walimkodolea macho mlangoni. Mmoja akamwambia kwa Kiingereza cha kuvunjika kwamba hapa si mahali pa kutalii. Yule mtu akasema yeye ni Mwislamu. Ala! Mchina Mwislamu? Walimfanyia mtihani hapo hapo, akiwa na viatu mkononi: soma Fatiha. Akasoma. Baba alisema tangu aondoke chuo cha Kurani utotoni hakuwahi kusikia Fatiha imesomwa vile, kila herufi mahali pake, na waliomtahini wakaanza kuangalia vidole vyao vya miguu.

Baba akamleta nyumbani kula. Mimi ndio nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nafundisha Kiingereza kwenye shule ya watu binafsi, kwa hiyo nikawa mkalimani. Akatuambia yeye si Mchina wa China, ni Mwindonesia, mababu zake ndio walitoka China. Haikusaidia kitu. Kitengela ukiwa na macho membamba wewe ni Mchina, hata ulie. Alicheka akasema kwao pia ni hivyo hivyo. Wachina wenzake waliwaambia Waislamu wao kwamba wametupa mababu zao, na Waislamu wengine waliwatazama kama wageni wasioaminika. Ndipo jamaa zake wakajenga msikiti katika mji wao, mji mkubwa wa bandari ambao jina lake mama hakuwahi kuweza kulitamka, wakauwekea paa la nyumba za babu zao ili kila mtu aone kwamba mtu anaweza kuwa vyote viwili.

Akatoa simu akatuonyesha. Ndio mara ya kwanza nikaona lile paa. Baba aliishika simu kwa mikono miwili. Hakuuliza swali. Nilimjua baba yangu, nikajua limeshamwingia.

Mama naye, aliyekuwa akimimina chai, aliinama kwenye simu na kuuliza kitu kimoja tu: "Na wanawake wanaswali wapi?"

Nikatafsiri. Yule mgeni akavuta picha na vidole, akaonyesha ndani, nyuma ya wanaume, chumba chenye feni na zulia. Halafu akasema nyanya ya baba yake, huko China, alikuwa na msikiti wa wanawake peke yao, na mwanamke ndiye aliyekuwa akiwafundisha na kuwaongoza. Nilipotafsiri hayo mama aliweka birika chini. "Wallahi?" akaniuliza mimi, si yeye, kama kwamba ninaweza kuwa nimeongeza chumvi. "Wallahi, Hooyo, ndivyo amesema." Siku nzima ile alitembea ndani ya nyumba akitabasamu na vyombo.

Haikupita miezi mingi mgeni akasema watu wa msikiti wao wako tayari kutusaidia kujenga. Wangetuma paa, vipande vipande ndani ya kontena, na sisi tusimamishe kuta. Alileta ramani za msikiti wa kwao. Baba alizitandaza mezani akazishikilia kwa vikombe. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana nilikuwepo na maneno yalipita kinywani mwangu. Mgeni aliweka kidole kwenye mihrabu, pale imamu anaposimama, akasema: "Hii kwetu iko magharibi, kwa sababu sisi tuko mashariki ya Makka. Nyinyi lazima muigeuze." Nikatafsiri neno kwa neno. Baba akasema, "Ndiyo, ndiyo," huku anahesabu pembe za paa kwa kidole. Nikarudia. Akasema, "Nimesikia, kwani mimi ni kiziwi?" Wiki iliyofuata mkataba wa mgeni ulikwisha, akarudi kwao.

Kibla chetu Kitengela hata mtoto anakijua. Ni kaskazini, kinaelemea mashariki kidogo, upande wa Athi River, kule vumbi la simiti linakotoka. Magharibi ni vilima vya Ngong, jua linakozama. Mtu hawezi kuvichanganya. Lakini baba hakuwa anaona vilima wala vumbi, alikuwa anaona paa. Na kile kiwanja chetu chembamba kilikuwa kirefu kutoka mashariki kwenda magharibi, sawasawa na ramani, kana kwamba vilipimwa kwa kamba moja. Kamati nzima ya msikiti ilifurahi. Wakasema hiyo ni ishara.

Kuhusu kamati, nisiwafiche. Ijumaa moja baada ya swala walibaki ndani ya mabati wakijadili ramani, na mimi na mama tulikuwa nyuma ya ukuta tunakunja mikeka. Bati halizuii neno. Tukasikia mmoja anasema, "Mwenyekiti, hiki chumba cha wanawake ni wazo yako ama ni ya bibi?" Wakacheka. Kicheko kikubwa, cha kupiga magoti. Na baba, mwenyekiti, baba yangu, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Nyumbani kwangu mwanamke hanifundishi dini. Chumba kiko kwa sababu kiko kwa ramani, basi." Mama aliendelea kukunja mkeka. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Sikuthubutu kumwangalia usoni.

Fundi aliyepewa kazi alitoka Kakamega, Mkristo, mtu wa heshima zake, anaishi nyumba ya kupanga huku nyuma na familia. Baba alikuwa na uchungu na mafundi. Nyumba yetu wenyewe, fundi wa kwanza alijifanya injinia, akahamisha mlango, akapunguza dirisha, mpaka leo jikoni kuna giza. Kwa hiyo kabla ya kusafiri Moyale kununua ng'ombe, alimwambia huyu wa Kakamega mbele yetu sote: "Wewe fuata ramani. Usibadilishe hata inchi moja. Hata kama unaona ni ujinga, fuata." Maskini, akang'oa mabati, akafuata. Kwenye ramani kulikuwa na mshale wa kaskazini. Yeye akatoa dira kwenye simu, akalinganisha mshale na dira, akapiga kamba zake, akachimba mitaro. Sijawahi kuona kosa limefanywa kwa uangalifu vile.

Mama ndiye aliyekuwa akiwapikia mafundi. Kila asubuhi anjera, chapati zetu laini za Kisomali, na chai, mchana wali au maharagwe, na mimi nikitoka shule napeleka ndoo ya chai ya saa kumi. Siku ya pili ya mitaro nilifika jua limeanza kushuka, likanipiga machoni, nikajikinga kwa mkono. Na pale chini ya mkono wangu niliona mtaro umetoka nje kwa duara dogo, kama tumbo. Ile ilikuwa mihrabu. Nilikuwa naiangalia na jua la jioni liko nyuma yake.

Nikamuuliza fundi, "Hii ni nini?" Akasema, "Dada, ni ile pahali imamu anakaa. Hata mimi nilishangaa, mgongo ya kanisa... pole, ya msikiti, inaangalia lami na mlango iko huko ndani. Nikampigia mzee. Nikamwambia mgongo inaangalia barabara, ni sawa? Akasema nifuate ramani."

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa anachagua mchele. Nikamwambia, Hooyo, wamechimba vibaya, mihrabu inaangalia Ngong, mgeni alisema igeuzwe, ulikuwepo, ulisikia. Nikatoa simu nimpigie baba. Mama akaishika ile simu, akaiweka chini ya mapaja yake, akarudi kwenye mchele. "Nyamaza," akasema. "Baba yako anajua anachofanya."

"Hooyo, hajui!"

"Nimesema nyamaza."

Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha ualimu, nafundisha watoto wa watu kuinua mkono na kuuliza, na nikanyamaza. Nilijiambia mama ameamua, mama ana sababu zake. Ukweli ni kwamba niliogopa. Simiti ilimwagwa siku ya tatu.

Baba alirudi kuta zimefika madirishani. Alifurahi, akawaita wazee wa kamati waje waswali alasiri pale pale, iwe swala ya kwanza. Mimi nilikuwa nje na ndoo yangu ya chai, kwenye tundu la dirisha. Wakatia udhu, wakaingia, na kila mmoja, bila kufikiri, akaelekea kaskazini kama alivyofanya maisha yake yote. Halafu wakabaki wamesimama. Mihrabu ilikuwa mkono wao wa kushoto. Imamu aliangalia ukuta mtupu ulio mbele yake, akaangalia kushoto, akaangalia tena mbele. Hakuna aliyecheka safari hii. Baba alikuwa amekuwa mweupe midomo. "Swalisha, sheikh," akasema. Wakaswali hivyo hivyo.

Kuigeuza haikuwezekana. Kiwanja chembamba, kuta zimepanda, na kontena la paa lilikuwa limeshafika Mombasa. Angeweza kusema, ndugu zangu, nilikosea, niliambiwa sikusikia. Kosa la mtu likisemwa huwa linakwisha. Baba alisema, "Kibla kiko moyoni." Wakapaka mstari wa kijani kwenye ukuta wa kaskazini kuonyesha mahali pa kuelekea, kazi ikaendelea. Asubuhi moja yule mama Mmaasai aliyekuwa akituletea maziwa alisimama pale, akaniamkia "Sopa", nikaitikia "Ipa", akautazama msikiti muda mrefu. Akasema, "Nyumba inaangalia huko, watu wanaangalia huku. Nani atamwambia mwenzake?" Akafunga mtungi wake akaenda zake.

Mama hakutaka kusikia habari ya kibla. Yeye alikuwa na chumba chake. Kiko nyuma kabisa, upande wa mashariki, vile vile kama kwenye picha ya simu, na mlango wake mwenyewe na dirisha lenye nakshi za mbao. Ndiye aliyechagua vigae vya sakafu. Alikwenda na wanawake wenzake kupiga deki kabla hata rangi haijakauka. Alipima kwa hatua mahali atakapoweka kiti chake cha plastiki kwa ajili ya magoti, karibu na ukuta wa mbele, ambapo sauti ya imamu ingemfikia. Aliwaambia wanawake wote wa Kitengela, na wengine mpaka Isinya, waje. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki moja na siku kadhaa.

Ufunguzi ulikuwa Ijumaa. Mgeni wetu alikuja kutoka kwao na wazee wawili, wamevaa mashati ya maua. Msikiti ulijaa watu mpaka kwenye maji ya udhu. Nilikuwa mlangoni kwa sababu baba alitaka mkalimani karibu. Mgeni aliingia anatabasamu, akaangalia juu kwenye dari kama mtu aliyefika kwao. Halafu akaangalia zulia. Mistari ya zulia ilikuwa imetandikwa kukatisha jengo. Akageuka polepole kuitafuta mihrabu, akaikuta ubavuni, ndani yake watu wameshapanga viatu.

Akaniangalia. Mimi, si baba. Alikumbuka nani alitafsiri. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na watu wote wale wangesikia, na nikainamisha macho nikaangalia viatu.

Basi yule mtu akaweka mkono kifuani, akasema mbele ya watu wote, kwa Kiswahili alichojifunza kiwandani: "Samahani sana. Kosa yangu. Kwetu kibla ni jua lala. Mimi sahau kuwaambia." Na baba yangu, aliyeambiwa mara mbili mezani kwake na vikombe vyake juu ya ramani, akamshika mgeni bega, akasema, "Usijali, ndugu yangu. Binadamu hukosea." Watu wakaitikia Allahu akbar. Kuna wengine walitokwa na machozi kwa vile baba alivyokuwa na moyo wa kusamehe. Nilitaka ardhi ipasuke. Sijui kama ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Nikaenda chumba cha wanawake. Kilikuwa kimejaa, harufu ya udi na rangi mpya, watoto wamelala mapajani. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake pale alipopima, uso umelainika kabisa, hata makunyanzi yalikuwa yamepungua. Akanipigapiga mkono. "Sikia," akasema. Kupitia ukuta tulimsikia imamu akikohoa. Kikohozi tu! Na mama alifurahi kama amesomewa Kurani nzima.

Upande ule mwingine wakaanza kupanga safu. Na safu za kuelekea kaskazini, katika jengo lililochorwa la kuelekea magharibi, zilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wetu. Hatukuwa tena nyuma ya wanaume. Tulikuwa ubavuni mwao, sambamba na safu ya kwanza, na wale wa safu za mwisho walikuwa na wanawake mbele yao. Nilisikia manung'uniko yakianza. Haifai. Swala ina shaka. Wanawake mbele ya wanaume, hii ni dini gani. Sauti zikapanda, nikamsikia baba anasema tulieni, tulieni.

Halafu akakohoa mlangoni kwetu. Hakuingia. Alisema akiangalia sakafu, "Akina mama, kuna shida kidogo ya safu. Naomba mtoke, mswali nje kwa leo."

Mama hakuinuka. "Kuna ukuta katikati," akasema.

"Najua kuna ukuta."

"Basi?"

"Watu wanalalamika."

"Na nani aliyefanya nyumba ikakaa hivi?" Mama alilisema polepole, kwa Kisomali, ili asikie yeye tu. Baba akasema tena, "Kwa leo tu," akaondoka. Mama akashika mkono wangu akanyanyuka kutoka kwenye kiti. Wanawake wakaanza kuamsha watoto. Tuliswali kwenye jua, kando ya matangi ya maji, na jioni yake turubai likafungwa tena, safari hii kwenye nguzo nyekundu.

Hiyo "kwa leo tu" ina miaka tisa sasa. Hakuna mahali pengine pa kutuweka, ukumbi ni mwembamba, wanaume wanaujaza. Chumba kilifungwa, kikawekwa mikeka iliyochakaa, halafu kamati ikaona ni hasara, wakavuta bomba la maji, wakaweka meza ndefu ya simiti, kikawa chumba cha kuoshea maiti.

Mama hakurudi chini ya turubai. Hakugombana, hakumnunia baba. Angalau angenuna! Aliendelea kumpikia, kumpigia kanzu pasi kila Ijumaa, kumpa dawa ya presha kwa wakati. Ramadhani aliswali tarawehe chumbani kwake, ameketi kitandani, peke yake, na spika ya msikiti tuliisikia mpaka jikoni. Mimi niliolewa nikahamia Matasia. Nikija kumwona wakati wa mfungo nilikuwa nafunga dirisha la upande ule. Naye alikuwa akilifungua.

Mwaka jana figo zilimkataa. Siku moja, wiki yake ya mwisho, nilikuwa namkanda magoti na mafuta, baba yuko sokoni Kajiado. Akaniambia, bila mimi kuuliza, "Ile siku ya mtaro. Ulipoondoka nilitoka nikaenda kuangalia."

Nikaacha kukanda.

"Nilisimama pale nikaliona jua. Nilijua. Nilikuwa na simu yako mkononi, na fundi alikuwa hajamwaga simiti. Ningempigia, ingekuwa ni kazi ya nusu siku tu kufukia."

"Kwa nini hukupiga, Hooyo?"

"Walikuwa wamemcheka. Nikafikiri, nikimsahihisha mimi, watasema mnaona, mke ndiye mwenyekiti, na kitu cha kwanza wataondoa ni kile chumba. Nikasema wacha kibla kiharibike, watanyoosha wenyewe, bora chumba kibaki." Akacheka kidogo, kicheko kibaya, kikageuka kikohozi. "Nilinyamaza nisikipoteze. Unaona mimi nilivyo na akili?"

Niliendelea kumkanda. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini mjukuu angalau humchekesha mtu. Akaniambia, "Usimwambie." Halafu baadaye kidogo akasema, "Au mwambie. Amua wewe. Mimi nimechoka kuamua kunyamaza."

Alikufa Jumatano, kabla ya adhuhuri. Wanaume walimleta msikitini, wakampitisha mlango wa mashariki, na mimi na shangazi na wanawake wawili tukafunga mlango tukamwosha. Ndiyo, katika chumba kile. Nilimwosha magoti mwenyewe, sikumwachia mtu. Upande wa pili wa ukuta wanaume walikuwa wakikusanyika kwa swala, na imamu alikuwa akisoma, na alisikika vizuri sana. Kila neno. Nilimchukia kila mmoja wao, Mungu anisamehe, nikaendelea kumwaga maji, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Tulipokuwa tunatandaza sanda mlango uligongwa. Nikaufungua kidogo. Alikuwa baba. Amezeeka mwaka ule mmoja, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kanzu, na kanzu haikuwa imepigwa pasi. Hakuniangalia. Aliangalia sakafu, vile vile kama siku ile.

"Mama yako," akasema. "Siku zake za mwisho mlikuwa pamoja. Kuna neno ameniachia? Kuna kitu alikuwa nacho moyoni juu yangu?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa limejaa kinywani, nimelibeba siku sita. Nilifikiria mtaro, simu, jua, ile nusu siku. Nyuma yake, mlangoni mwa ukumbi, wale wazee wa kamati walikuwa wamegeuka wanatutazama.

"Hapana, Aabo," nikasema. "Hana kitu."

"Alhamdulillahi," akasema baba. Alipumua mpaka mabega yakashuka, akanishukuru, akarudi kwa wenzake. Mimi nikafunga mlango, nikashika ncha ya sanda, nikamfunika mama uso.